Je, Wajua? Mambo ya Seleri Inayovimba Kitako

Je, wajua kwamba seleri tunayoitia kwenye supu ina ndugu yake wa damu ambaye watu hawamtafuti kwa mabua wala majani, bali kwa kitako? Mboga hiyo ni seleriaki. Katika masoko ya Berlin, Warszawa au Lille utaikuta imepangwa kando ya karoti na liki, na usipoambiwa utadhani ni takataka za shambani zilizoletwa kwa bahati mbaya. Ni donge la rangi ya udongo, kubwa kama embe dodo au kuzidi, limejaa makunyanzi, na chini limesokotana vijizizi vilivyobana tope. Harufu yake ni ile ile ya seleri. Menya ngozi hiyo ngumu, ukubali kutupa sehemu kubwa tu, na ndani utakuta nyama nyeupe, imara, yenye utamu wa mbali.

Wauza mboga huiita mboga ya mizizi. Sitagombana nao sokoni, lakini bustanini jina hilo linapotosha. Sehemu kubwa ya donge ni shingo ya mmea, yaani pale shina linapokutana na mizizi, iliyovimba ili kuweka akiba ya chakula. Mizizi yenyewe ni zile nyuzi za chini. Anayedhani analea mzizi huufukia mmea kwa udongo kama afanyavyo kwa viazi, kisha akivuna anapata nyuzi tupu na kadonge kadogo. Anayejua kwamba analea shingo huiacha wazi ipate hewa, na kadiri inavyonenepa huuondoa udongo uliojikusanya pembeni, akakata vijizizi vinavyochomoza juu juu na kung'oa majani makuukuu ya chini yanayolala. Huko Ulaya wakulima wa nyumbani hufanya hivyo kuanzia katikati ya kiangazi, na donge hutoka laini zaidi, rahisi kumenya.

Hapo ndipo kioja cha mboga hii kinapoanza, kwa sababu seleri ya mabua, ambayo ni spishi ile ile, kwa desturi hutendewa kinyume kabisa: hurundikiwa udongo ili mabua yakose mwanga, yawe meupe na yapungue ukali. Wataalamu wanazihesabu seleri za shambani kuwa aina tatu za mmea mmoja, Apium graveolens: ya majani, ya mabua, na hii ya donge. Maua yake hupokezana chavua kupitia wadudu bila kubagua. Ukiacha seleri ya jirani ichanue karibu na seleriaki unayoitunzia mbegu, watoto watakaozaliwa hutajua ni wa ukoo upi.

Je, wajua kwamba babu yao wote bado yuko porini? Seleri mwitu humea Ulaya, kandokando ya Mediterania na magharibi mwa Asia, mahali penye chepechepe, mara nyingi jirani na bahari ambako maji ya chumvi hupanda na kushuka. Ukilishika hili moja umeshaelewa nusu ya tabia za seleriaki. Inataka maji kila wakati kwa sababu asili yake ni kinamasi. Mizizi yake haiendi chini sana, kwa kuwa kinamasini maji yako juu. Kwa hiyo jua la siku chache tu laweza kuifadhaisha wakati mihogo ya shamba la pili haina habari. Hata chumvi haiiogopi sana. Gramu 100 za seleriaki mbichi zina takriban miligramu 100 za sodiamu, ilhali kiasi hicho cha kiazi ulaya kina kama miligramu 6 tu. Wapishi wanaosema mboga hii haihitaji chumvi nyingi hawajisifii ulimi wao bure.

Seleri mwitu ilikuwa na jina kubwa zamani, ingawa si jina la jikoni. Wamisri waliisuka katika mashada ya maua ya maiti: Howard Carter alipolifungua kaburi la Farao Tutankhamun mwaka 1922, miongoni mwa mimea iliyokauka humo yalikuwamo majani ya seleri, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,200. Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, aliitaja katika tenzi zake zote mbili: mara ikimea kwenye mbuga iliyozunguka pango la Calypso, mara ikiliwa na farasi wa askari wa Achilles waliosusia vita.

Wagiriki walikuwa na jambo la ajabu zaidi. Kwao seleri ilikuwa mmea wa makaburi na papo hapo mmea wa mabingwa. Washindi wa michezo ya Nemea, iliyofanyika kila baada ya miaka miwili, walivishwa taji la seleri mwitu. Hekaya inasema michezo hiyo ilianzishwa kwa ajili ya matanga ya mtoto mchanga, Opheltes. Wazazi wake walikuwa wameonywa wasimweke chini mpaka aweze kutembea. Yaya wake, akitaka kuwaonyesha wapiganaji wapita njia chemchemi ya maji, akamlaza juu ya kichaka cha seleri kwa muda mfupi tu, nyoka akamuua. Waamuzi wa Nemea walivaa nguo za rangi nyeusi kwa kumbukumbu yake, huku wanariadha wakishangilia na majani yale yale kichwani.

Basi fikiria hali ya jeshi la Timoleon, jemadari wa Korintho, lilipokuwa likipanda mlima huko Sicily, yapata mwaka 339 KK, kwenda kukabiliana na jeshi la Karthago lililolizidi mno kwa idadi. Njiani wakakutana na nyumbu waliobeba mizigo ya seleri. Mwandishi wa kale Plutarch anaeleza kwamba askari walinywea, wakaiona ndege mbaya, kwani kwao ndiyo iliyowekwa makaburini, na mgonjwa mahututi alisemwa kwamba kilichobaki kwake ni seleri tu. Timoleon alikuwa na akili ya haraka. Akasimamisha msafara, akawakumbusha kuwa taji la mabingwa wa michezo ya Isthmia, iliyokuwa ya Wakorintho wenyewe, nalo lilikuwa la seleri. Kumbe ushindi umewajia wenyewe hata kabla ya vita. Akajivika taji, maofisa wakamfuata, na askari wote wakafanya vivyo hivyo. Wakashinda penye mto Crimissus. Sijui mboga nyingine iliyowahi kugeuza moyo wa jeshi kwa namna hiyo.

Kisiwa hicho hicho cha Sicily kilikuwa na mji wa Kigiriki, Selinus, ulioitwa kwa jina la seleri na kupiga sarafu zenye jani lake. Waliouharibu mwaka 409 KK walikuwa hao hao Wakarthago.

Kitako kinene kilikuja baadaye sana. Bustani za Ulaya zilianza kuwa na seleri ya donge katika karne za karibuni tu, na Uingereza ilichelewa zaidi: mtunza bustani na mwandishi Stephen Switzer ndiye aliyeitangaza huko katika miaka ya 1720, kwa mbegu zilizotoka Alexandria, Misri, akaandika na kijitabu cha kuwafundisha watu namna ya kuipanda. Waingereza walimsikiliza nusu nusu. Wajerumani, Wapoland, Waholanzi na Wafaransa ndio walioifanya chakula cha kila siku.

Je, wajua kwamba gramu moja ya mbegu zake ina punje zaidi ya 2,000? Ni vumbi, kusema kweli. Na hapa wengi huharibikiwa kabla hawajaanza, kwa sababu mkono wa mkulima umezoea kuchimba kijishimo, kutia mbegu na kufukia. Mbegu ya seleri inahitaji mwanga ili iote. Ifukie, nayo italala. Changanya mbegu na mchanga mkavu upate kuzitawanya vizuri, zimwage juu ya udongo laini uliolowa kwenye trei, zikandamize kidogo kwa kibao, kisha funika trei kwa kioo au plastiki angavu ili unyevu usitoroke. Maji yanyunyizwe kama umande. Ukimimina kwa kopo, zote zitakimbilia kona moja. Katika joto la nyuzi 15 hadi 21 za Selsiasi, subiri wiki mbili, pengine tatu. Wengi hukata tamaa wiki ya pili wakamwaga udongo, na mbegu ndiyo kwanza zilikuwa zinafumbua macho.

Miche nayo haina haraka. Baada ya mwezi bado ni vidole vidogo vya kijani. Huhamishwa kwanza kwenye vikopo, na inapofika urefu wa kama sentimita 10 ndipo hupelekwa shambani, ikiachana sentimita 30 hadi 40. Unapoipandikiza, chunga kitovu, yaani pale majani yanapochipukia: kibaki juu ya udongo. Tangu kusia hadi kuvuna ni kama miezi saba. Mkulima wa Uingereza au Ujerumani husia ndani ya nyumba Februari au Machi, hupandikiza Mei au Juni baridi kali ikishapita, naye huvuna kuanzia Oktoba. Katika muda huo jirani yake ameshakula figili mara nne na saladi mara tatu kutoka kwenye tuta la ukubwa ule ule. Kwa mwenye kishamba kidogo hilo si jambo la kupuuza, na wanaoisifu seleriaki kwenye vitabu vya bustani hawalisemi kwa sauti ya kutosha.

Jambo la ajabu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni jinsi mmea huu unavyodanganyika na hali ya hewa. Seleriaki ni mmea wa miaka miwili: mwaka wa kwanza hujaza kitako, hupitia majira ya baridi, mwaka wa pili hutumia akiba hiyo kutoa maua na mbegu. Haina kalenda nyingine isipokuwa baridi. Miche michanga ikikaa siku kama kumi au zaidi kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10, huhesabu kwamba majira ya baridi yamekuja na kupita, na hali ikipata joto tena huanza kurefusha bua la maua. Kitako hakijazi tena, na kilichopo hukakamaa. Ndiyo sababu wakulima wa Ulaya hawatoi miche nje mapema hata kama jua linawaka mchana. Wanaouogopa ni usiku.

Maji nimeshayasema, ila niongeze kwamba kiu ya wiki moja hailipiki kwa mafuriko ya wiki inayofuata. Donge likidumaa hupasuka au kubaki na uwazi katikati. Matandazo ya nyasi kavu husaidia kuliko kumwagilia mara nyingi juu juu. Samadi iliyooza vizuri inapendwa sana, lakini mbolea ya naitrojeni ikizidi utavuna kichaka cha majani. Ukipasua donge ukakuta madoa ya kahawia na mapango ndani, mara nyingi ni upungufu wa boroni, madini ambayo mmea unayahitaji kidogo mno. Na kwa kuwa boroni ikizidi ni sumu kwa mimea, usimwage boraksi, chumvi yake, kwa kukisia. Mboji ya kutosha ni salama zaidi.

Ugonjwa wa madoa ya majani, unaoletwa na kuvu iitwayo Septoria apiicola, husafiri ndani ya mbegu zenyewe. Dawa moja ya zamani ni maji ya moto: mbegu huloweshwa kwa dakika 25 katika maji ya nyuzi 50, kisha hukaushwa. Mbegu haifi, kuvu hufa. Maadui wengine ni konokono uchi, wapenzi wa miche, na nzi wa majani ambaye viluwiluwi vyake hutoboa vichochoro ndani ya jani hadi likaonekana limeungua.

Je, wajua kwamba seleriaki ni ya ukoo wenye wema na wauaji? Karoti ni binamu yake. Giligilani, shamari na bizari ya pilau pia. Lakini hemloki, sumu aliyonyweshwa mwanafalsafa Socrates huko Athens mwaka 399 KK, inatoka katika ukoo huo huo.

Seleri yenyewe haiui, ila ina ukorofi wake. Utomvu wake una kemikali ziitwazo furanokumarini ambazo zikigusa ngozi, kisha ngozi ikapigwa na jua, huleta malengelenge na mabaka meusi. Wavunaji wa seleri wanalijua hilo, na katika miaka ya 1980 lilionekana Marekani hata kwa wafanyakazi wa maduka waliokuwa wakiipanga tu kwenye rafu. Mmea ulioshambuliwa na kuvu hutengeneza kemikali hizo kwa wingi zaidi. Ni mambo yale yale yanayowapata wanaokamua ndimu nyingi ufukweni wakasahau kunawa mikono. Ukiwa unang'oa majani ya seleriaki mchana wa jua kali, vaa mikono mirefu.

Tena kuna mzio. Umoja wa Ulaya una orodha ya vyakula 14 vyenye kuleta mzio ambavyo kila mtengenezaji wa vyakula analazimika kuvitaja kwenye lebo: karanga zimo, maziwa yamo, samaki wamo, na seleri imo, pamoja na donge lake. Anayedhurika nayo mara nyingi hudhurika pia na chavua ya mti wa betula au ya magugu ya jamii ya pakanga. Kupika hakuondoi hatari yote, kwa hiyo hata lebo ya unga wa supu wa pakiti huitaja seleri iwapo una chembe yake.

Na chakula chenyewe? Wafaransa huikwaruza mbichi, nyembamba kama njiti, wakaichanganya na mayonesi iliyotiwa haradali; ndiyo céleri rémoulade, inayouzwa kwa kipimo kwenye maduka ya nyama. Ikishakatwa hugeuka rangi ya kahawia upesi, basi itumbukize kwenye maji yenye ndimu. Ujerumani na Uholanzi huuza kifungu cha supu kilichokwisha kufungwa kwa uzi: kipande cha seleriaki, karoti, liki na shada la majani. Supu ya njegere kavu za kijani ya Kiholanzi, ile nzito inayosimamisha kijiko, kwa desturi hupikwa na donge hilo. Poland nayo ina kifungu chake, ambacho masimulizi humhusisha nacho Malkia Bona Sforza, Mwitaliano aliyeolewa na Mfalme Sigismund I mwaka 1518 akaja na mapenzi yake ya mboga. Wengine huikata mapande mapana, wakaipaka yai na chenga za mkate na kuikaanga kama nyama.

Mwaka 2018 mgahawa wa Noma, Copenhagen, uliikata vipande vyembamba, ukavipanga tabaka juu ya tabaka kwenye chuma na kuvichoma kama shawarma. Watu waliweka nafasi miezi kadhaa kabla ili wakale mboga ambayo bibi zao walikuwa wakiitia kwenye supu bila kuifikiria.

Kwa anayepunguza kalori, gramu 100 za seleriaki mbichi zina takriban kalori 42, na kiazi ulaya kama 77. Ukiponda nusu kwa nusu na viazi, ukatia siagi, utapata kitu kitamu kuliko kila kimoja peke yake. Ikishavunwa, usiioshe: pinda majani uyatoe, weka donge kwenye sanduku lenye mchanga wa unyevunyevu mahali pa baridi. Karibu na nyuzi sifuri hukaa hata miezi sita. Majani usitupe, ni makali kuliko ya seleri ya kawaida, lakini machache kwenye mchuzi wa maharage yanatosha.

Je, wajua kama inaweza kukubali kwetu? Majani ya seleri si mageni: Goma, Bukavu, Bujumbura na Kigali mchuzi mwingi hauivi bila hayo. Donge ndilo halijazoeleka. Hali ya hewa inayolifaa ipo, nayo ni ile ile inayostawisha karoti na kabichi za Lushoto, Njombe, Limuru na Kinangop: mchana wa nyuzi 15 hadi 21, na maji ya kuaminika. Hofu ni baridi ya usiku. Katika Njombe, kwa mfano, miche isikutane na Juni na Julai ikiwa bado michanga, la sivyo utavuna maua.

Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, usijisumbue na kitako. Panda seleri ya majani kwenye ndoo, kivulini, uimwagilie asubuhi na jioni. Ukiwa milimani na una kijito karibu, tafuta mbegu za aina ya Prinz, ambazo haziharakishi kutoa maua, au Monarch. Gawana pakiti na jirani. Na tafadhali, usizifukie.